Kabla ya Kununua Kiyoyozi Kikubwa, Uliza Ukuta Wako

"Nyumba yetu ni ya tofali za saruji za kujaa, inchi 6, imeezekwa kwa bati lenye miaka 14 ambalo sasa limeshika kutu. Dari ni ya jipsamu. Chumba tunacholala ni mita 4 kwa 4, na ukuta wake mmoja, wenye dirisha, unatazama magharibi. Tuna kiyoyozi cha BTU 12,000. Nakiwasha saa 1 usiku nikirudi kazini, naweka 16 ili kiwahi kupooza, lakini hadi saa 5 bado tunatoka jasho, na nikikizima saa 6 joto linarudi ndani ya dakika kumi. Bili ya umeme imepanda mno. Fundi ameongeza gesi mara mbili mwaka huu, sasa anasema dawa ni kununua cha BTU 24,000. Jirani anasema niweke foili juu ya dari. Mke wangu anasema tufungue madirisha mchana kutwa ili hewa iingie. Siku nyingine tunaweka ndoo ya barafu mbele ya feni. Mama yangu ana miaka 74, analala chumba cha pili chenye feni tu, na miezi ya baridi huyo huyo anatetemeka na kuwasha hita ya umeme. Nianzie wapi kabla sijamwaga pesa?"

Usinunue cha BTU 24,000, walau si sasa. (BTU ni kipimo cha uwezo wa kiyoyozi kuondoa joto.) Katika yote uliyoandika, mimi nimekwama kwenye maneno machache: ukikizima, joto linarudi ndani ya dakika kumi. Linarudi likitoka wapi? Ni saa 6 usiku, jua limezama zamani, nje kumeshapoa, jikoni hakuna anayepika. Joto hilo lilikuwa humo humo chumbani muda wote kiyoyozi kikiunguruma. Lilikuwa limejificha ndani ya kuta, sakafu na godoro lenu.

Tupige hesabu kidogo, maana bila namba hili halieleweki vizuri. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.8 kina hewa ya mita za ujazo 45 hivi. Hewa yote hiyo ukiipima ina kilo 54, yaani mfuko mmoja wa saruji na kidogo juu. Sasa chukua ukuta mmoja tu wa chumba hicho. Kwa tofali za kujaa za inchi 6, una zaidi ya tani 3. Kuipoza hewa kwa nyuzi moja ni kazi ndogo. Kuupoza ukuta ule kwa nyuzi hiyo hiyo moja ni kazi kubwa zaidi ya mara 50. Kama ukuta umelala na nyuzi 6 za ziada, kiyoyozi chako kikifanya kazi kwa nguvu zake zote kitahitaji karibu saa moja na nusu kuondoa joto la ukuta huo peke yake, bila kugusa kuta nyingine tatu wala sakafu. Ndiyo maana kipimo kwenye kiyoyozi kinaweza kusoma 24 na ninyi bado mnajipepea: hewa imepoa, ila kuta zinawapiga mionzi ya joto kutoka kila upande, kama mtu aliyekaa kivulini karibu na tanuri. Na kiyoyozi kikinyamaza, tani zile za saruji huipasha ile hewa ya kilo 54 bila hata kuhangaika.

Kwa hiyo joto linalokunyima usingizi usiku uliliingiza mchana. Swali la kuuliza ni liliingilia wapi.

Siku utakayokuwa nyumbani, fanya majaribio mawili. Saa 9 alasiri, panda kwenye kiti imara katikati ya chumba, inua uso na kiganja karibu na dari bila kuigusa. Kama unahisi kama umesogelea pasi ya nguo, mlango mmoja wa joto umeupata. Kisha saa 2 usiku weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi kwa sekunde kumi, halafu kwenye ukuta wa ndani unaotenganisha chumba chako na cha mama. Kiganja si kipimajoto, lakini katika kulinganisha hakikosei sana. Kwa maelezo uliyonipa, ningeshangaa kuta hizo mbili zikiwa sawa. Ukuta wa tofali za inchi 6 huchelewesha joto kwa saa kadhaa, mara nyingi kati ya 3 na 5. Jua linaloupiga kwa nje saa 10 jioni linafika upande wenu wa ndani saa 1, saa 2, saa 3 usiku. Ndiyo saa unayowasha kiyoyozi. Unaanza vita wakati adui ndiyo kwanza anaingia.

Nianze na bati, maana ndilo lenye makosa mengi zaidi.

Jua la utosini hushusha takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Bati la zamani lenye kutu hunyonya sehemu kubwa ya nguvu hiyo na kufika nyuzi 60 hadi 70 bila shida. Fundi wa paa aliyewahi kuligusa saa 7 mchana hahitaji kuelezwa. Watu hudhani joto hilo linashuka kwa sababu hewa ya darini imechemka. Hewa ya moto hupanda, haishuki. Kinachoshuka ni mionzi ya joto: bati la nyuzi 65 likiitazama dari yenye nyuzi 45 huirushia karibu wati 130 kwa kila mita ya mraba. Zidisha kwa mita 16 za chumba chako, unapata kilowati 2 na ushee. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kina uwezo wa kuondoa kilowati 3.5. Maana yake, kama ungekiwasha mchana, zaidi ya nusu ya nguvu zake zingeishia kupigana na dari peke yake. Usipokiwasha, joto hilo halipotei. Linaingia kwenye kuta, sakafu na samani, na kukusubiri urudi kazini.

Hapa jirani yako ana haki. Foili ya alumini ina tabia ya pekee: sehemu yake inayong'aa hutoa mionzi ya joto kidogo sana, kama asilimia 5 tu ya ile inayotolewa na kitu cheusi chenye joto hilo hilo. Ukiitandaza kati ya bati na dari, zile wati 130 zinaweza kushuka hadi chini ya 20 kwa kila mita. Katika nyumba halisi yenye mapengo, kona na vumbi hutapata namba safi namna hiyo, lakini tofauti utaihisi siku ya kwanza, saa 9 alasiri, ukiwa juu ya kile kiti.

Sharti lake ni moja, nami nililijifunza kwa aibu. Nyumba ya kwanza niliyowekea foili ilikuwa yangu mwenyewe, na niliibana moja kwa moja kwenye bati, uso unaong'aa ukigusana nalo kama ngozi na nyama. Haikusaidia kitu cha maana. Uso unaong'aa ukigusa bati unapokea joto kwa kugusana, kama sufuria inavyopokea kwenye jiko, na ukigusa dari unalikabidhi dari kwa njia hiyo hiyo. Uso huo unahitaji hewa mbele yake, angalau sentimita 2 au 3, ili ule ung'aavu ufanye kazi. Njia nzuri kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa ni kuifunga upande wa chini wa mbao za kenchi, uso unaong'aa ukitazama chini. Watu hunibishia hapo: si itazame juu ili irudishe joto? Inafanya kazi pande zote mbili, ila uso unaotazama juu hukusanya vumbi, na baada ya miaka michache vumbi hilo huwa limeshaua ung'aavu. Unaotazama chini hubaki safi. Faida ya pembeni: bati likitoka jasho alfajiri, matone yanaangukia foili badala ya jipsamu yako.

Na tafadhali, usimpandishe kijana yeyote darini na stepla kabla hujazima swichi kuu ya nyumba. Foili ni chuma, inapitisha umeme. Australia walikuwa na mpango wa taifa wa kuweka vizuizi vya joto darini mwaka 2009 na 2010. Vijana wanne wa kazi hiyo walifariki, watatu kwa umeme na mmoja kwa joto la darini lenyewe. Miongoni mwao wapo waliokuwa wakibana foili. Pini moja inayotoboa waya inatosha kuifanya foili yote iwe na umeme. Kazi ifanyike asubuhi mapema, nyumba ikiwa haina umeme, na fundi umeme awe amezikagua zile waya kwanza.

Badala ya foili unaweza kulaza pamba ya kioo, yaani blanketi la nyuzi laini za kioo, juu ya dari, unene wa sentimita 10 au zaidi. Nayo ni nzuri, na ina jambo ambalo foili inalifanya kwa uhafifu: katika miezi ya baridi huzuia joto la chumba lisitoroke juu, jambo ambalo mama yako atalishukuru. Lakini inataka dari yenye uwezo wa kuibeba, haitakiwi kulowa, na haitakiwi kufunika taa zilizozamishwa darini wala waya chakavu, kwa sababu vitu hivyo vinahitaji kupumua. Kama bati lako linavuja hata tundu moja, ziba kwanza. Kwa nyumba yako ningeanza na foili. Pamba ingefuata pesa ikipatikana, hasa juu ya chumba cha mama.

Kuna njia ya tatu ambayo watu huidharau kwa sababu haina ufundi wa kujionyesha: paka bati rangi nyeupe ya paa. Rangi nyeupe safi hurudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijawa joto, na ile iliyonyonywa huirudisha angani kwa urahisi. Bati jipya lisilopakwa rangi hudanganya macho hapo. Linang'aa, mtu anaona linarudisha jua, na kweli linarudisha kiasi, lakini joto kidogo linaloingia linashindwa kutoka, na bati linakuwa la moto ajabu. Bati lenye kutu kama lako lazima lisuguliwe kwa brashi ya chuma na kupakwa rangi ya msingi ya kuzuia kutu, vinginevyo nyeupe itabanduka kama ngozi ya nyoka mvua za kwanza tu. Chokaa hufanya kazi pia, kwa muda, mpaka mvua iisombe. Paa lichafuke, nguvu hupungua, kwa hiyo kulisafisha ni sehemu ya mkataba. (Kwa msomaji mwingine mwenye paa la zamani la vigae vya kijivu vya asbesto: usisugue, usitoboe, usikwangue. Vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Muite mwenye ujuzi na ruhusa ya kazi hiyo.)

Matundu ya hewa chini ya ukingo wa paa na mengine karibu na kilele yanasaidia kutoa hewa ya moto darini. Yana thamani, ila usiyategemee peke yake, kwa sababu kama nilivyosema, mzigo mkubwa unashuka kwa mionzi, na mionzi haijali upepo.

Sasa ukuta wa magharibi. Foili ya darini haitaugusa. Dawa yake ni kivuli, na kivuli chenyewe kiwe nje. Jua la jioni liko chini, linaingia karibu kwa usawa, kwa hiyo kibaraza kifupi cha juu hakilizuii vizuri kama kinavyozuia la mchana. Unahitaji kitu kilichosimama wima mbele ya ukuta: mti, mimea inayotambaa kwenye fremu iliyoachana na ukuta kwa nusu mita, mkeka au wavu wa kivuli ulioning'inizwa kutoka kwenye ukingo wa paa. Wavu wa kivuli ni rahisi, unafungwa Jumamosi moja. Uwe umbali wa kiganja au zaidi kutoka ukutani ili hewa ipite katikati. Rangi ya nje ya ukuta nayo iwe nyeupe au ya karibu na nyeupe.

Dirisha la upande huo ndilo baya kuliko ukuta, kwa sababu halichelewi. Kioo hupitisha mwanga wa jua, mwanga unapiga kitanda na sakafu, unakuwa joto, na kioo kinakataa kulirudisha nje joto lile. Pazia zito la ndani linasaidia kiasi, lakini jua likishafika kwenye pazia limeshaingia nyumbani. Pazia linapata moto na kukipasha chumba. Kizuizi cha nje, hata kiwe cha mbao duni, kinashinda pazia zuri la ndani kwa mbali.

Mke wako naye ana nusu ya ukweli. Kufungua madirisha ni dawa nzuri wakati nje ni baridi kuliko ndani, na ni kosa wakati nje ni moto kuliko ndani. Nunueni vipimajoto viwili vya kawaida, kimoja chumbani, kingine nje kivulini. Asubuhi, hewa ya nje ikipita ile ya ndani, fungeni. Jioni mkiona ya nje imeshuka chini ya ya ndani, fungueni kila kitu, dirisha la upande huu na mlango wa upande ule, hewa ipate pa kuingilia na pa kutokea. Dirisha moja lililo wazi peke yake halifanyi kazi kubwa. Mahali penye unyevu mwingi ambapo usiku na mchana havitofautiani sana, kanuni hii inalegea. Hapo upepo unaopita mwilini una thamani kuliko nyuzi mbili tatu za kipimajoto, na kufungua mchana kutwa kunaweza kuwa sahihi, mradi kiyoyozi hakiwashwi. Vipimajoto vyenu vitawaambia mko upande gani, nanyi mtaacha kubishana.

Tuje kwenye kiyoyozi chenyewe. Namba 16 kwenye rimoti haiongezi kasi. Kwenye mashine ya kawaida, kompresa, ile pampu inayoisukuma gesi, ama inazunguka kwa nguvu zake zote ama imezimwa. Ile namba inaiambia tu isimame lini. Ukiweka 16 katika chumba kisichoweza kufika huko, umeiambia isisimame kamwe. Zile za inveta hubadilisha mwendo, lakini nazo zikiwa mbali na lengo huwa tayari zimekazana. Weka 26, washa na feni. Upepo wa feni wa kiasi hupunguza joto unalolihisi kwa karibu nyuzi 3, na feni ya darini inakula wati 50 hadi 75, wakati kompresa yako inakula kilowati nzima au zaidi. Feni haipozi chumba, inapoza ngozi. Ukitoka, izime.

Jambo la gesi linanikera kidogo, nikiri. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kwa miaka yote ya mashine. Ikipungua, kuna tundu. Kuongeza mara mbili kwa mwaka bila kutafuta tundu ni kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka na kulipia kila ndoo. Mwambie fundi atafute panapovuja, aanze na maungio ya mabomba kwa povu la sabuni, azibe, atoe hewa yote kwa pampu ya kuvuta, ndipo ajaze kwa kupima uzito ulioandikwa kwenye mashine. Akikwambia hana mizani, tafuta mwingine. Wakati huo huo fungua kifuniko cha mashine ya ndani mwenyewe, chomoa vichujio, vioshe kwa maji, vikauke kivulini, virudishe. Kila wiki mbili wakati wa joto. Kisha nenda ukaangalie mashine ya nje. Kama imefungiwa kwenye kizimba kuzuia wezi, au imebanwa ukutani penye jua la magharibi, inameza hewa yake yenyewe ya moto. Ipe kivuli lakini usiizibe pumzi.

Cha BTU 24,000 kingefanya nini? Kingeipoza ile hewa ya kilo 54 haraka, kisha kizime, kuta ziipashe tena, kiwake, kizime. Mizunguko mifupi namna hiyo haikipi muda wa kukausha hewa, nanyi mngelala kwenye ubaridi wenye unyevu unyevu, shuka likinata. Kukausha hewa ni nusu ya kazi ya kiyoyozi. Willis Carrier, mhandisi wa Marekani, alipobuni mashine yake ya kiyoyozi mwaka 1902 hakuwa akimhurumia mtu anayetoka jasho. Ilikuwa kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York, ambako karatasi zilivimba na kusinyaa kwa unyevu. Na mashine kubwa hutaka waya mnene na swichi yake peke yake. Waya wa cha 12,000 ukibebeshwa mara mbili unaweza kuungua ndani ya ukuta, usiku, mmelala.

Ndoo ya barafu nisiidharau kabisa, kwa sababu upepo wake wa dakika chache unafurahisha. Lakini kilo 5 za barafu zikiyeyuka zote zinaondoa joto sawa na kazi ya kiyoyozi chako kwa dakika 8. Na kama barafu iligandishwa kwenye friji ya humo humo nyumbani, friji imeshatoa nyuma yake joto kubwa kuliko ubaridi uliopata. Maji yale yanayobaki yatawafaa zaidi mkilowesha kitambaa na kukiweka shingoni na mikononi, feni ikipuliza.

Mpaka kazi ya paa ifanyike, jaribuni ratiba hii. Ukirudi saa 1 usiku usiwashe kiyoyozi. Vipimajoto vikiruhusu, fungua dirisha na mlango, elekeza feni dirishani ikipuliza kwenda nje, ivute hewa ya baridi kutoka upande wa pili wa nyumba ipite kwenye kuta. Saa 3 au 4 funga, washa kiyoyozi kwenye 26 na feni ya polepole. Utashangaa kuona kinapumzika.

Nimemwacha mama mwisho, na si kwa sababu yeye ni wa mwisho. Katika umri wa miaka 74 mwili hautoi jasho vizuri kama zamani na kiu huchelewa kuja, kwa hiyo asisubiri kiu ndipo anywe maji. Feni inamtosha siku nyingi, lakini hewa ya chumba ikipita nyuzi 35 hivi feni inaweza kuanza kumpasha badala ya kumpoza. Siku kama hiyo ahamie chumba chenye kiyoyozi, heshima ya vyumba iwekwe kando. Kama anatumia dawa za presha, hasa za kukojoza maji, au za moyo, mwulize daktari wake kuhusu siku za joto kali; asipunguze dozi mwenyewe. Akianza kuchanganyikiwa, kuongea visivyoeleweka, au ngozi ikawa ya moto na akalegea, hiyo ni dharura: mpeleke hospitali mara moja, na njiani mloweshe kwa maji na kumpepea.

Hita yake ya umeme hugeuza uniti moja ya umeme kuwa uniti moja ya joto, haina ujanja zaidi. Kiyoyozi chenye uwezo wa kupasha, na vingi vya siku hizi kwenye rimoti vina alama ya jua, huchota joto la nje na kulileta ndani, na kwa uniti moja ya umeme huleta karibu uniti tatu. Angalia kama chako kinayo alama hiyo. Kama siku moja utanunua kiyoyozi kipya, basi kiwe kidogo, cha inveta, chenye kupasha, na kiende chumbani kwake. Na baridi iwe kali namna gani, mkaa usiingizwe chumba cha kulala. Moshi wake usioonekana huua mtu usingizini.

Ukiniuliza mpangilio, ni huu: vichujio na tundu la gesi wiki hii, wavu wa kivuli magharibi Jumamosi, foili mwezi ujao chini ya macho ya fundi umeme, rangi nyeupe ukifika wakati wa kulishughulikia lile kutu. Swichi ya kiyoyozi ikiwa inajikata yenyewe, au kuna harufu ya plastiki kuungua, hilo linaruka foleni yote: zima, usiwashe tena, ita fundi umeme siku hiyo hiyo.

Kila baada ya hatua, weka tena kiganja ukutani saa 2 usiku na uandike kipimajoto kinasemaje. Kama baada ya kivuli na foili bado mnatoka jasho saa 5, hapo ndipo umwite mtu aje apige hesabu ya mzigo wa joto wa chumba. Akikutajia BTU kabla hajauliza dirisha linatazama wapi na juu ya dari kuna nini, mpe maji ya kunywa, mshukuru kwa kuja, umsindikize.